Picha Isiyosogea

Nilipanda ngazi za nyumba yao nikiwa nimeshajua nitasema nini, na nilipofika mlangoni nikasahau yote. Mapenzi yana dharau namna hiyo. Njia nzima nilikuja na maneno makali, nimeyapanga moja nyuma ya jingine, lakini mkono ulipogonga mlango nikabaki na lile moja tu lililonitoa nyumbani. Nilitaka anishike mkono, anipeleke chumbani kwa mama yake, na aseme mbele yake kwamba mimi ndiye mwanamke wake. Basi. Nisingemwomba kingine.

Alifungua mwenyewe. Kazini tunamwita Kimya, jina alilopewa siku ya kwanza na hakuna aliyewahi kuuliza sababu. Alikuwa amevaa lile shati la bluu ambalo vifungo vyake nilivishona mimi, ndevu zimemwota ovyo, macho yamezama. Aliniangalia, akageuka kuangalia korido nyuma yake, akaniangalia tena. Kule kugeuka kuliniuma kuliko lolote ambalo angeweza kusema.

"Amelala," alisema kwa sauti ya chini. "Ingia, ila polepole."

Nikavua viatu nikaingia kwa kunyata, mtu mzima mimi, mwenye kazi yangu na funguo zangu za nyumba.

Bimkubwa, ndivyo nilivyomwita mama yake, ingawa yeye hakuwahi kunitaja kwa jina, alikuwa ametoka hospitali na ugonjwa wa kusahau kupumua. Siongezi chumvi. Akiwa usingizini pumzi ilikuwa inakatika, na mara nyingine haikurudi mpaka atikiswe. Daktari alisema kila anapolala lazima awepo mtu wa kumwangalia. Baba alishafariki, dada yake Kimya ameolewa mbali na ana kichanga, kwa hiyo mtu huyo akawa Kimya. Alichukua likizo. Akaacha kupokea simu zangu. Kisha akaniandikia ujumbe mfupi kwamba tusitishe kwanza, mama hataki, na hali yake ndiyo hii, nimsamehe.

Tusitishe. Utadhani ananifungia bomba la maji.

Kutotaka kwa Bimkubwa hakukuwa siri. Niliwahi kuolewa nikaachika, na kwake hilo lilitosha. Siku pekee niliyopelekwa kwake, tena nikiwa na wenzangu kadhaa wa kazini ili nisitambulike, alinitambua mara moja miongoni mwao. Mama ni mama. Alisubiri wengine watoke kwenye kibaraza, akanimiminia chai, akaniambia kwa adabu kabisa kwamba mimi ni binti mzuri na nina akili, lakini yeye hawezi kumkabidhi mwanawe wa kiume wa pekee kwa mwanamke aliyeshindwa kukaa na mume wa kwanza. "Usinichukie, mwanangu," alisema. "Hata ungekuwa binti yangu wa kumzaa, ningemwelewa mama mwingine akikukataa hivi hivi." Nikamjibu kwamba simchukii. Nilikuwa namdanganya, na nadhani alijua.

Basi sasa nimekaa kwenye kiti cha meza ya kulia chakula, na katikati yetu imewekwa kompyuta. Ilikuwa kuukuu, ya kurithi kutoka kwa mpwa wa Bimkubwa, ubavu mmoja umefunguliwa ili ipate hewa. Kwenye kioo alionekana Bimkubwa mwenyewe, amelala chali, blanketi hadi kifuani, kamera ikimwangalia kutoka juu ya kabati la nguo. Pembeni ya picha paliandikwa neno moja kwa rangi ya kijani: Anapumua. Feni ya kadi ya picha, kile kipande cha kompyuta kinachozichambua picha, ilikuwa ikivuma kidogo, inatulia, inavuma tena.

Kimya akaanza kunieleza mashine. Nilikuja na moyo mkononi, na yeye ananieleza mashine. Alisema mwanzoni ilimtesa, ilikuwa ikionyesha pumzi ya mama wakati mama ameshapumua nyingine kadhaa, na feni ikipiga kelele mpaka mgonjwa akaamka kulalamika. Sasa, alisema, ameipunguzia mzigo na inakwenda laini. Hata jikoni anaweza kwenda. Ikitokea pumzi imekatika, kengele italia.

Nilimwacha aseme. Tangu nimjue, mtu huyu akiwa na huzuni huongea habari za kompyuta, na mimi nilijifunza kumsikiliza huko huko.

Maana ndiko tulikokutana. Kazi yetu sisi wawili ni kuzifundisha kompyuta kuangalia video. Tulikuwa tumetumwa kiwanda cha soda, kuweka kamera juu ya mkanda unaopitisha chupa, ili kompyuta iseme ni chupa ipi ambayo kizibo chake kimekaa upande. Kompyuta za pale zilikuwa za zamani, na mwenye kiwanda hakutaka kusikia habari ya kununua mpya. Sasa video ni picha nyingi zinazofuatana mbio, na kila picha inataka kupita mikono miwili. Prosesa kuu, yaani ubongo wa kompyuta, inaifungua, kisha inaipeleka kwenye kadi ya picha, na kadi ndiyo inayoitazama na kutoa jibu. Kimya alishika prosesa kuu, mimi nikashika kadi. Mara picha zake zinarundikana kwangu nahema, mara kadi yangu imekaa inapiga miayo ikimsubiri yeye. Jibu lilikuwa likitoka chupa mbovu imeshafika kwenye kreti.

Tulilaumiana sana. Ndipo alasiri moja mkanda uliposimama, kama ulivyokuwa ukisimama kila mara, na yeye akauliza kwa kile kisauti chake: mkanda ukisimama, tunaangalia nini? Picha ikiwa sawa na iliyotangulia, jibu lake litakuwa lile lile. Isipelekwe. Libaki jibu la mwanzo mpaka kitu kisogee. Programu niliandika mimi, akaijaribu yeye, na mashine zote mbili zikapata nafasi ya kupumua. Akacheka. Sikuwahi kumsikia akicheka kabla ya hapo. Jioni ile alinisindikiza hadi kituoni, na basi lilipokuja sikulipanda, wala lililofuata.

"Umekuja kunitukana," alisema sasa, baada ya habari za mashine kumwishia.

"Nimekuja kukuomba."

Nikamwomba. Sijawahi kumwomba mwanamume hivyo, hata yule aliyeniacha sikumwomba. Nilimwambia sitaki harusi kesho, sitaki nyumba, sitaki amtupe mama yake. Nitakuja kumwangalia naye kwa zamu, nitamfulia, nitamwogesha akikubali, na asipokubali nitakaa koridoni. Ninachotaka ni kwamba akiamka, twende wote wawili pale kitandani, aseme.

Alifunika uso kwa viganja. "Akipata mshtuko?"

"Atapata hasira. Hasira haijamuua mtu."

"Wewe hujamwona pumzi inavyomkatika. Midomo inabadilika rangi." Alishusha mikono, na macho yake yalikuwa mekundu. "Unataka nimuue mama yangu kwa maneno?"

"Nataka unitaje," nilisema. "Mara moja tu. Kwa sauti, mbele ya mtu. Unakumbuka shangazi yako alipotukuta dukani? Nilikuwa nimebeba mfuko mmoja, wewe umebeba mwingine, na mikono mingine tumeshikana. Ukauachia wangu haraka, ukamwambia mimi ni nani?"

Alianza kutafuna kucha.

"Sema, ulimwambia mimi ni nani?"

"Mwenzangu wa kazini."

"Haya. Mwenzako wa kazini amekuja kukujulia hali."

Nilisema vile nikitaka kumchoma, na alichomeka, na papo hapo nikatamani niyarudishe maneno. Nilimwona anavyohangaika kutafuta la kusema. Mkono wake ulisogea juu ya meza hadi karibu na wangu ukaishia hapo, na nilikuwa naujua mkono ule, kovu la kidole gumba, kucha anazozitafuna. Nilitaka kuushika hata kama ni kwa mara ya mwisho. Nilitaka pia kumpiga. Mambo haya yanaweza kukaa pamoja ndani ya mwanamke mmoja, na asiyejua hilo hajapenda.

Akasema, taratibu, kwamba ninajua ananipenda. Nikasema nilikuwa najua. Akasema hapana, bado najua, kwa sababu kwake hakuna kilichobadilika tangu ile jioni ya kituoni.

"Na kama hakuna kilichobadilika," alisema, "sikuona haja ya kusema kila siku."

Ningemjibu nini mtu kama huyo? Machozi yalikuwa yananitoka na sikuyafuta. Alinitazama, nikamtazama, tukanyamaza wote wawili, na katika kunyamaza kule nikasikia kwamba na feni nayo imenyamaza.

"Feni imekuwaje?" niliuliza.

"Kazi imepungua." Aliona afadhali kuulizwa hilo kuliko lile jingine, nikasikia kabisa sauti yake ikipata nafuu. Akanisogezea kioo nione mstari unaoonyesha kazi ya kadi. Ulikuwa umelala chini kabisa. "Ona, haifanyi kitu. Nimeweka ule ujanja wetu wa kiwandani, kwa hiyo inapokuwa..."

Sauti ikamfia njiani.

Nililiangalia lile neno la kijani. Nikaliangalia blanketi. Neno lilisema anapumua.

"Picha ikifanana na iliyotangulia," nilisema.

"Haipelekwi. Linabaki jibu la mwanzo," alimalizia, na uso wake ukawa wa mtu nisiyemjua.

Sikumbuki korido. Nakumbuka mlango uligonga ukuta, na nakumbuka midomo ya Bimkubwa, rangi yake ilikuwa kama alivyosema mwanawe. Kimya alisimama kizingitini. Hakuingia. Alikuwa anatingisha kichwa pole pole kama mtu anayekataa chakula, na nikajua kwamba hapo sina msaada.

"Piga simu, waje na gari," nilimwambia. "Piga sasa."

Nikamtikisa Bimkubwa mabega, nikamwita. Hakuitika. Nikamweka vidole shingoni, chini ya taya, na hapo palikuwa na kitu kinagonga kwa udhaifu, kinagonga kikichelewa. Kiwandani tuliwahi kufundishwa huduma ya kwanza kwa mdoli wa plastiki, nasi tukamcheka sana mdoli yule na kumtafutia mchumba. Niliinua kidevu cha Bimkubwa, nikambana pua, nikaweka mdomo wangu juu ya mdomo wake, nikapuliza. Kifua kikapanda, kikashuka. Nikapuliza tena.

Mdomo huo ndio uliosema hanitaki. Lilinipitia hilo, sitakataa, lilipita likaenda. Kilichobaki ni kupuliza na kusikiliza. Nyuma yangu Kimya alikuwa anaeleza barabara kwenye simu, anakosea jina la mtaa alikozaliwa, anaanza upya. Nilikuwa nasema maneno kati ya pumzi na pumzi, nasema mama, usinifanyie hivi, mama, amka unifukuze. Amka unifukuze tu. Nilipuliza mpaka nikaona nukta nyeusi machoni, na kifua chake kilipanda kwa pumzi yangu na kushuka, na kila kiliposhuka kilikaa hapo hapo chini.

Kisha kikapanda chenyewe.

Alikohoa. Alivuta hewa kwa mlio mbaya, mlio ambao sijawahi kusikia mzuri kuliko huo, akakohoa tena, na mkono wake ukaruka juu ukanikamata kifundo cha mkono. Macho yakafunguka. Yalihangaika kwenye dari, yakashuka, yakanipata. Nikaona anavyonitambua. Nilingoja auachie mkono wangu.

Hakuuachia. Alinibana kwa kucha.

Kimya alikuja akapiga magoti upande wa pili wa kitanda, akaweka paji la uso kwenye blanketi, akalia bila sauti, mabega tu yakitikisika. Hata kulia analia kimya. Mama yake alimwekea mkono mwingine kichwani, lakini alikuwa ananiangalia mimi, na sikujua anaangalia nini.

Gari la wagonjwa lilikuja. Walimpakia kwenye machela, wakamvika barakoa ya hewa, wakamteremsha ngazi nikiteremka ubavuni kwa kuinama, kwa sababu mkono wangu ulikuwa bado umeshikwa. Nje jua lilikuwa kali na majirani wamejaa, kila mmoja na swali lake. Mimi niko peku. Kimya naye peku, vifungo vya shati vimekosea matundu.

Muuguzi wa gari, mama mnene mwenye glavu, alitazama ndani, akatutazama sisi.

"Nafasi ya ndugu ni moja," alisema. "Wewe ni nani wa mgonjwa?"

Aliniuliza mimi, kwa ajili ya ule mkono. Ningeweza kujibu lolote lakini sikujibu, nikageuza uso kwa Kimya. Mtaa mzima ulikuwa unasikiliza. Mama yake alikuwa macho. Hakuna mahali pengine duniani ambapo ningepata nilichopandia ngazi zile, na alijua, nilimwona anajua. Alifungua kinywa. Aliwatazama majirani.

"Ni mwenzangu wa kazini," alisema.

Muuguzi akatikisa kichwa kuonyesha ameelewa, akaanza kunibandua vidole vya Bimkubwa kimoja kimoja, kwa upole, akimwambia mwachie dada wa watu, mama, mwanao ndiye anakuja. Niliangalia vidole vinavyobanduliwa. Sikulia. Kulikuwa na ubaridi kifuani, na ndani ya ubaridi huo nilimpenda Kimya bado, na hilo ndilo lililonikatisha tamaa kabisa.

Bimkubwa aliinua mkono wake ule mwingine akaisukuma barakoa hadi kidevuni.

"Mwongo," alisema.

Neno hilo lilimchosha mno. Alifumba macho, akavuta hewa, na vidole vilivyokuwa vimeshabanduliwa vikanirudia mkononi. Muuguzi alimrudishia barakoa usoni, akamtazama Kimya, akanitazama mimi. Alikuwa ameona mengi katika kazi yake, ilionekana.

"Panda," aliniambia.

Nikapanda. Nilikaa kwenye kile kibenchi cha pembeni, magoti yangu yakigusana na machela, na mlango wa nyuma ukafungwa. Kupitia kioo chake nilimwona Kimya amebaki katikati ya barabara, mikono imening'inia. Kisha akakimbia. Alikimbia nyuma ya gari, nyayo tupu juu ya lami ya moto, kinywa wazi, mishipa ya shingo imemtoka. Alikuwa anapiga kelele. Yeye, Kimya, mbele ya majirani wote, na nikawaona watu wamegeuka kumsikiliza, mwanamke mmoja hadi ameshika mdomo.

King'ora kilikuwa kimeshawashwa. Sikusikia hata neno moja.

Sikujua alisema nini, na sikubaki pale kiooni kujaribu kumsoma midomo. Niligeuka. Mkono wa Bimkubwa ulikuwa juu ya wangu na kifua chake kilikuwa kinapanda, kinashuka. Muuguzi aliniambia hali imetulia, naweza kupumzisha macho. Nikamshukuru. Niliendelea kuangalia, pumzi kwa pumzi, hata zile zilizofanana kabisa na zilizotangulia.